Mwalimu wa mbali mu ekrani: nani atajibu ulizo la mutoto?

Wazazi wa kamp, wazazi wa vijiji vya pembeni ya migodi, tuzungumuze leo juu ya maneno ya masomo. Siku sosiete itafika ku mukutano na kusema: "Tutaletea masomo yenu ekrani kubwa na antene, watoto watafundishwa na walimu wakubwa wa mbali," tutajibu nini? Wengi watapiga makofi. Ni haki yao, juu kuko vijiji ambamo mutoto anamaliza masomo bila kuona mwalimu wa fizike hata siku moja. Lakini kisha makofi, muzazi mwenye kufikiri atanyosha mukono na kuuliza: kama mutoto hakuelewa, atamuuliza nani?

Ulizo hili si la kukatala maendeleo. Njo ulizo lililotenganisha inchi zilizofaulu na inchi zilizotupa feza mu maji. Kazi hii ya kufundisha kwa picha toka mbali haikuanza jana. Iko na zaidi ya miaka 50. Tutaangalia inchi ine, Côte d'Ivoire, Meksiko, Brazili na Ghana, kisha turudi kwetu Katanga, juu sheria ya migodi inatupa nafasi ya kuomba vitu sawa hivi. Ni muzuri kujua cha kuomba mbele ya kuomba.

Shida tunayoijua wote

Wazee wetu wanakumbuka masomo ya Union Minière, na kisha ya Gécamines. Mutoto wa mufanyakazi alikuwa na nafasi ku masomo ya kamp, na mwalimu alikuwa analipwa. Mu miaka ya 1990 Gécamines ilianguka, mishahara ikachelewa miezi na miezi. Mu 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitoka kwa ile "départs volontaires". Sosiete mupya zilikuja, mashimo yalifunguliwa tena, lakini masomo hayakurudi sawa mbele.

Tangu mwezi wa 9 wa mwaka 2019, masomo ya primere ya Leta ni ya bure. Watoto wengi waliingia, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini darasa lilijaa, na mwalimu ni yule yule. Mu kijiji, mwalimu moja anaweza kushika darasa mbili, tatu. Ukipanda ku sekondere, shida inakuwa kubwa zaidi. Mwalimu wa hesabu, wa shimi, wa fizike, mwenye diplome yake, anatafuta kazi Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi. Tusimulaumu. Naye iko na watoto, naye anataka umeme na hopitali karibu.

Sasa, mutu moja hawezi kugawanyika mu vijiji 100. Lakini sauti yake na picha yake vinaweza. Mawazo ya kufundisha kwa video yalitoka pale.

Namna gani inafanya kazi

Mu muji kuko chumba moja chenye kamera, taa na mikro. Njo wanaita studio. Mwalimu anasimama pale na kufundisha. Picha na sauti vinarushwa mpaka ku satelite, ile mashine inayozunguka pamoja na dunia juu kabisa, karibu kilometa 36,000 toka kwetu. Satelite inavirudisha chini, na antene ya masomo, ile sahani kubwa tunayojua, inavipokea. Projektere inaonyesha picha ku ukuta, na sauti inatoka mu parlere.

Zamani njia ilikuwa ya upande moja: studio inasema, watoto wanasikiliza. Siku hizi njia inaweza kuwa ya pande mbili. Darasa liko na kamera na mikro yake. Mutoto ananyosha mukono kijijini, mwalimu wa muji anamuona na anamujibu. Sauti ya ulizo na ya jibu inachelewa kama nusu ya sekonde juu ya ile safari ndefu ya kwenda juu na kurudi. Watoto wanazoea haraka.

Ili vyote vitembee, masomo yanahitaji umeme. Pahali SNEL haifike, wanaweka pano za jua na batri, ao jenereta ya mazutu. Yanahitaji pia mutu wa kulipa satelite ao intaneti kila mwezi. Na mu wakati wa mvua kubwa, sawa vile tunaijua toka mwezi wa 10 mpaka wa 4, picha inaweza kukatika. Masomo yaliyopangwa muzuri yanaweka mafundisho mengine mu ordinatere ao mu karte ya memware, ili siku ya mvua kazi isisimame.

Côte d'Ivoire: televizyo mingi, wazazi wakakasirika

Mu 1971, Côte d'Ivoire ilianza jambo kubwa sana. Leta iliamua kufundisha watoto wa primere wa inchi nzima kwa televizyo. Studio zilijengwa mu muji wa Bouaké. Televizyo zilipelekwa mpaka mu vijiji pasipo umeme, na pale zilitembea kwa batri. Inchi nyingi za Afrika zilikuwa zinaangalia Bouaké kwa tamaa.

Mu 1982 yote ilisimama. Sababu zilikuwa nyingi. Feza ya kutengeneza mafundisho, kubadilisha batri na kutengeneza televizyo zilizoharibika ilikuwa mingi mno. Walimu waliona kama televizyo imechukua nafasi yao, na hawakuulizwa vya kutosha mbele ya kazi kuanza. Wazazi nao walinunguna: mutoto anasema Kifaransa muzuri, lakini kuandika na kuhesabu havifuati.

Tuangalie vizuri maneno hayo. Televizyo ya wakati ule ilikuwa inasema saa yake ikifika, na kunyamaza saa yake ikiisha. Haikuweza kungojea mutoto mwenye kuchelewa. Kama mwalimu wa darasa amekasirika ao hakutayarishwa, hakuna mutu wa kurudilia fundisho pole pole. Ekrani ilifika mpaka kijijini, lakini mutu wa kubaki pembeni ya mutoto alisahauliwa.

Meksiko: televizyo, kitabu na mwalimu

Meksiko ilianza miaka mitatu mbele ya Côte d'Ivoire, mu 1968, na haijasimama mpaka leo. Kazi yao inaitwa Telesecundaria. Walianza na madarasa 304 na wanafunzi zaidi kidogo ya 6,500. Leo wanafunzi wake wanapita milioni moja, wengi wao watoto wa vijiji vidogo.

Walichagua jambo moja tu: sekondere ya chini, kwa kijiji chenye primere lakini chenye watoto kidogo, ambacho hakiwezi kupewa mwalimu wa kila fundisho. Badala ya walimu kumi, darasa lilipewa mwalimu moja wa kushika mafundisho yote, na televizyo ya kumusaidia. Fundisho la televizyo lilikuwa fupi, kama robo ya saa hivi. Kisha televizyo inazimwa. Wakati unaobaki, mwalimu na watoto wanafungua kitabu kilichoandikwa kufuatana na lile fundisho, wanaulizana, wanaandika, wanasahihisha.

Mwanzo, mafundisho yalipita ku televizyo ya kawaida. Mu miaka ya 1990 waliingia ku satelite, mashine zilibadilika mara mingi. Lakini ile hesabu ya mwanzo haikubadilika: dakika kidogo za ekrani, dakika mingi za mwalimu na kitabu.

Tusidanganyane. Watoto wa Telesecundaria mara mingi wanapata pointi za chini kuliko watoto wa masomo makubwa ya muji. Wanatoka ku jamaa maskini zaidi, na mwalimu moja wa mafundisho yote hawezi kujua yote. Lakini bila Telesecundaria, wengi wao wangesimamia ku primere. Kwa muzazi wa kijiji, hilo si jambo ndogo.

Brazili: mu pori, kwa mashua

Mu Brazili kuko jimbo la Amazonas. Ni pori na mito, kubwa zaidi ya nusu ya Kongo yetu nzima, na barabara ni kidogo sana. Kufika mu vijiji vingine, unapanda mashua na unasafiri siku na siku. Muji wake mukubwa ni Manaus.

Mu 2007, Leta ya jimbo ilifungua studio pale Manaus kwa kufundisha sekondere mu vijiji vya mbali. Antene, ekrani na jenereta vilisafiri kwa mashua. Mu studio, walimu wenye kujua kazi yao wanafundisha papo kwa papo, na madarasa mengi yanawaona saa moja. Mu kila darasa kuko mwalimu mungine, wa pale pale. Huyu si lazima awe mujuzi wa shimi. Kazi yake ni kushika darasa, kusaidia watoto kufanya mazoezi, na kupeleka maulizo yao Manaus. Watoto wenyewe wanaweza kuuliza mbele ya kamera ao kwa kuandika.

Hapa tunaona kazi imegawanyika mara mbili, sawa mu mugodi. Injeniere anafanya plani, na shefu wa timu anasimama na watu chini ya shimo. Ukitoa moja wao, kazi inaharibika. Mujuzi wa Manaus hajui kama mutoto fulani anasinzia juu alikesha na njaa. Mwalimu wa kijiji anajua.

Ghana: wale waliopima

Côte d'Ivoire ilitufundisha kuogopa. Jirani yake Ghana inatupa jambo la kutumainia. Mu miaka ya 2010, masomo ya primere ya Leta mu vijiji vya Ghana yalipewa pano za jua, antene ya satelite, ordinatere, projektere, kamera na mikro. Studio ilikuwa Accra. Watoto walifundishwa hesabu na Kiingereza papo kwa papo. Mwalimu wa Accra anauliza, mutoto wa kijiji anajibu, na madarasa ya vijiji vingine yanasikia. Mwalimu wa darasa anabaki pale pale, anatembea kati ya watoto, anaangalia makaye.

Jambo zuri la Ghana ni kwamba walipima. Watafiti wawili, Jamie Johnston na Christopher Ksoll, walilinganisha masomo yaliyopata mafundisho hayo na masomo mengine ya namna moja ambayo hayakupata. Masomo yalichaguliwa kwa kura, ili mutu asiseme walichukua yale mazuri tu. Mu 2017 walitoa majibu: watoto wa vijiji walipanda mu hesabu na mu ufundi wa kwanza wa kusoma.

Lakini kuko upande mungine wa majibu hayo. Hesabu ya watoto wanaofika ku masomo kila siku haikubadilika. Mutoto aliyekuwa anabaki ku shamba aliendelea kubaki ku shamba. Ekrani ilisaidia yule aliyekaa mu darasa, haikuleta yule aliyekuwa inje. Kwetu, pahali watoto wengine wanaenda kuosha mawe ku muto badala ya kwenda ku masomo, tusikilize maneno hayo muzuri. Sheria inakataza watoto mu migodi, na tunajua wote ni njaa inawapeleka. Njaa ile, hakuna antene ya kuiondoa.

Umeme unaopita juu ya kichwa

Sisi wa Katanga hatuhitaji mutu kutufasiria namna kitu kizuri kinaweza kupita bila kutugusa. Tangu 1982, ligne ya umeme inatoka Inga na kufika Kolwezi, karibu kilometa 1,700. Iliwekwa juu ya kulisha migodi. Nguzo zake zinapita mu vijiji vingi, na watu wa pale wanawasha kibatari chini ya nyuzi. Si ubaya wa mutu fulani tu: umeme wa ligne ile ni wa namna ingine, hauwezi kuchotwa njiani bila mashine kubwa na za bei kali. Wale waliopanga ligne hawakupanga kijiji ndani yake.

Fundisho la satelite linaweza kupita vile vile. Linashuka mpaka mu antene, linaonekana ku ukuta, na mutoto anatoka bila kitu, juu hakuna aliyepanga namna ya kulishusha mpaka mu kaye yake. Mu 2020, wakati masomo yalifungwa juu ya korona, inchi yetu nayo ilipitisha mafundisho ku radio na ku televizyo. Ilikuwa muzuri kuliko kukaa bure. Lakini jamaa isiyo na umeme haikuona kitu, na mutoto aliyeona hakuwa na pa kupeleka ulizo lake.

Feza iko, tuulize vizuri

Sheria ya migodi ilibadilishwa tarehe 9 mwezi wa 3 mwaka 2018. Tangu pale, sosiete inayochimba inapashwa kuweka pembeni angalau 0,3% ya feza yote ya mauzo yake kwa kazi za maendeleo ya wenyeji. Tuhesabu: ku kila milioni moja ya dola za mauzo, dola 3,000. Sosiete ikiuza kwa milioni 100, ni dola 300,000. Tena kuko cahier des charges, mukataba kati ya sosiete na wenyeji wanaoguswa na kazi yake, unaoandika ni kazi gani zitafanywa. Wenyeji wako na wajumbe wao mu maneno hayo. Basi, wajumbe wetu wakisikia neno "video" ao "numérique", waulize haya mbele ya kutia sahihi.

Kwanza, mwalimu. Nani atabaki mu darasa na watoto? Alitayarishwa siku ngapi? Analipwa na nani, na iko na prime gani kwa kazi hii mupya? Kama plani haina jina la mwalimu, hiyo ni plani ya kuuza vyombo.

Pili, ulizo la mutoto. Njia ni ya upande moja ao ya pande mbili? Kama ni mafundisho ya karte ya memware, nani atajibu, na siku gani?

Tatu, programe. Mafundisho yanafuata programe ya Kongo, yanatayarisha mutoto kwa egzame ya Leta, ao yanatoka Ulaya na vitabu vya kule? Na kwa watoto wadogo wa mwanzo wa primere, luga ni gani? Mutoto anayesikia paka Kiswahili hawezi kushika hesabu mu Kifaransa cha haraka cha studio.

Ine, miaka inayofuata. Mwaka wa kwanza vyombo ni vipya na watu wanapiga foto. Batri za pano zinachoka kisha miaka kidogo. Taa ya projektere inakufa. Satelite inaomba malipo kila mwezi. Feza hizo zimeandikwa pahali gani, na mpaka mwaka gani?

Tano, ulinzi. Tunajua mambo ya kwetu, pano ya jua inaweza kutoka ku dari usiku moja. Nani analinda, na komite ya wazazi iko na ufunguo ao hapana?

Sosiete yenye nia nzuri haitakasirikia maulizo haya. Injeniere wake wanauliza yale yale mbele ya kununua pompe.

Mujuzi wa mbali anaweza kuwa baba wa mutu

Tukisema "mujuzi wa mbali", tunawaza profesere wa Ulaya. Lakini kwa mutoto wa kijiji, mufanyakazi wa Kolwezi anayetengeneza motere za umeme ni mujuzi wa mbali. Infirmiere wa hopitali ya Likasi ni mujuzi wa mbali. Profesere wa chuo kikubwa cha Lubumbashi naye. Na wote hawa wanasema Kiswahili sawa mutoto.

Kwa kuwatumia, haihitajiki studio kubwa. Telefone moja nzuri inaweza kushika fundisho la dakika kumi: namna jiwe la kijani la malashiti linakuwa shaba nyekundu, kwa nini mugodi unahitaji hewa, namna ya kuosha kidonda. Video inawekwa mu karte ya memware, inapanda motokari mpaka kijijini, mwalimu anaionyesha, anaisimamisha katikati, anauliza watoto. Maulizo yao yanaandikwa mu kaye, na juma linalofuata mufanyakazi yule anajibu kwa sauti ku telefone. Ni pole pole, lakini ulizo linaenda na jibu linarudi.

Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, na kobalti njo inafanya batri za ordinatere na telefone. Mikono yenu ilishika mwanzo wa vyombo hivi. Basi wajumbe wetu wasione haya kusoma mukataba neno kwa neno. Na kisha mwaka moja, wajumbe na wazazi waende ku masomo siku ya kawaida, si siku ya foto. Wachague mutoto yeyote wa darasa na kumuuliza: juma hili uliuliza nini, na walikujibu nini? Jibu la mutoto yule njo litaonyesha kama feza ya kijiji ilifanya kazi.